KITABU CHA MWEZI: Mwanamke aliyeshuka kwenye basi na jina la mtu mwingine

Mlitulalamikia kwamba tunaleta vitabu vya kilimo na vya afya tu, mkasema tulete na hadithi ya mapenzi, tena ile yenye hofu ndani yake, ya kumfanya mtu aogope kuzima taa. Haya, tumesikia. Mwezi huu tunacho kitabu cha Nicholas Sparks, Mmarekani anayejulikana sana kwa hadithi za mapenzi. Kwa Kiingereza kinaitwa Safe Haven, kilitoka mwaka 2010. Nakala tuliyo nayo ni ya Kifaransa, Un havre de paix. Sinema yake ilitoka 2013 na baadhi yenu mmeiona kwenye kibanda cha video, lakini aliyeona sinema asijidai amesoma kitabu. Vinatofautiana, tutaona mbele.

Kwa kuwa nakala ni moja na Kifaransa si cha wote, tulikisoma kwa kukusanyika jioni. Mmoja anasoma, mwingine anageuza kwa Kiswahili, na pale palipokuwa pagumu wamama walimalizia kwa Kirundi. Wengi waliokuja ni watu wa kandokando ya ziwa: Rumonge, Minago, Magara, Nyanza-Lac, na wachache wa ng'ambo, wa Baraka na Fizi. Tunawataja kwa sababu wao ndio walioligeuza somo. Tulikwenda kusoma habari za Amerika, tukajikuta tunabishana habari za Rumonge.

Kwanza hadithi yenyewe. Dada mmoja anafika katika mji mdogo unaoitwa Southport, jimbo la North Carolina, pale mto Cape Fear unapoingia baharini. Mji huo upo kweli, sio wa kubuni, na ile sinema ilipigwa hukohuko. Dada anajiita Katie. Anapata kazi ya kuhudumia wateja katika hoteli ya chakula, anapanga kijumba mwisho wa njia ya changarawe. Hana gari, hana ndugu, na rafiki hataki. Akiulizwa ametoka wapi anajibu kidogo, kisha anageuza maneno.

Mjini kuna duka la bwana mmoja, Alex. Ni mgane, yaani kafiwa na mke, analea watoto wawili, Josh na Kristen. Katie anakuja dukani, ananunua vya bei ndogo, anaondoka. Siku moja Josh anatumbukia majini akivua samaki, karibu azame. Tangu siku hiyo mambo yanaanza polepole kati ya Katie na nyumba ile. Alex huyu zamani alikuwa mpelelezi jeshini, kwa hiyo anayajua macho ya mtu aliyepigwa. Hamuulizi. Anampa baiskeli ili asitembee gizani akitoka kazini. Jirani wa Katie, mwanamke mwenye maneno mengi aitwaye Jo, yeye ndiye anayemchokonoa afungue moyo. Jo ni nani hasa, hatusemi. Mkifika mwisho mtatusaka.

Kumbe Katie si Katie. Jina lake Erin, na ana mume, Kevin, polisi mpelelezi wa Boston, mlevi, anayempiga na kumfungia. Alishawahi kukimbia kabla, akapatikana, akarudishwa. Safari ya mwisho alijipanga: akajiwekea vijisenti bila mume kujua, akabadili nywele, akachukua jina na makaratasi ya binti aliyekufa zamani, mtoto wa majirani zake. Katie Feldman ni jina la marehemu.

Basi hapo hofu inaanza. Sparks anatuingiza hadi kichwani mwa Kevin, tunamsikia anavyowaza. Wamama walisema sehemu hiyo ndiyo iliyowanyima usingizi kuliko hata ule usiku wa moto unaokuja baadaye. Kevin hajioni mbaya. Anasema anampenda mke wake. Analia. Anamtafuta akiwa na uchungu wa mume aliyeachwa, na mtu asiyejua mambo ya ndani angemhurumia na kumwonyesha njia.

Tulipofika hapo, mama mmoja aliyewahi kuuza ndagala pale Rumonge akasema: "Huyu Katie angekuja kwetu angeshikwa wiki ya kwanza." Wengine wakacheka, wengine wakakataa, na usomaji ukasimama jioni nzima.

Tuwaeleze wasiopajua. Rumonge iko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye ile barabara kuu inayofuata ziwa kwenda Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Ni mji wa mawese na samaki. Michikichi imepanda vilima vyote vya nyuma, na baiskeli za kule, tofauti na ile ya Katie, kazi yao ni kubeba madumu ya mafuta. Upande wa maji kuna wavuvi wa usiku na taa zao, asubuhi wanawake wanapokea ndagala, wanazianika, wanauza. Kiswahili kinazungumzwa mjini tangu mababu, kama Buyenzi kule Bujumbura. Mtu wa Baraka akishuka pale anaelewana na watu siku hiyohiyo. Kwa hiyo upande mmoja, mji mzuri wa kupotelea: magari yanapita, boti zinapita, kazi ya kutwa ipo, na hakuna anayeomba cheti kwa kugeuza ndagala juani. Mwanamke mwenye mikono miwili hatalala njaa.

Lakini upande wa pili, bwana! Kwanza ile salamu. Huwezi kusalimiwa Rumonge mara tatu bila kuulizwa "wewe ni wa wapi, na hapa uko kwa nani?" Watu wa Southport wanaliuliza hilo swali kwa udaku. Rumonge lina uzito wake. Ni sehemu ambayo mwaka 1972 ilimwagika damu nyingi, watu wakavuka ziwa na mipaka, mashamba yao ya michikichi yakabaki na wengine. Waliporudi baada ya miaka thelathini na zaidi, kila kipande cha ardhi kilikuwa na kesi, hadi serikali ikaunda tume ya ardhi na mali, ile CNTB, mwaka 2006. Mji wenye historia hiyo haumwachi mgeni bila kumweka mahali. Mtoto wa nani? Kolina gani? Ulikimbilia wapi, Kigoma au Kongo? Anayeuliza hana ubaya. Anataka tu kujua kama wewe ni mrudi, mpangaji, au mtu mwenye madai.

Halafu lipo daftari la nyumba, lile wanaloita kaye ya menaji, lililosisitizwa sana baada ya machafuko ya 2015. Kila anayelala kwenye nyumba anaandikwa, hata mgeni wa siku mbili. Mkuu wa kartie anaweza kuja kulitazama. Katie wetu ataandikwa kwa jina gani? Akitumia lake, limeshajulikana. Akitumia la marehemu, mwenye nyumba amekuwa mwongo pamoja naye, na ikigundulika wanaulizwa wote wawili, tena kwa mambo mengine kabisa yasiyohusu ndoa.

Na mapenzi je? Hapa vijana waliamka. Tuseme Alex ni mwenye duka pale Birimba au Kanyenkoko, ana watoto wawili, anampenda huyu mgeni na mgeni anampenda. Mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza aliamuru watu wote wanaoishi pamoja bila kuandikisha ndoa waende wakaandikishe kabla ya mwaka kwisha. Sasa waende? Katie bado ana mume wa sheria. Kanuni ya watu na familia ya Burundi ya mwaka 1993 inataka ndoa ya kwanza ivunjwe kwanza, na mwanaume naye haruhusiwi wake wawili. Ili kuivunja lazima aende mahakamani, na mahakamani mume anaitwa, anapewa tarehe, anajua mke yuko wapi. Mnaona ugumu? Sparks amekwepa mlima wote huo. Kitabu chake hakina hakimu hata mmoja kwenye njia ya mapenzi yao, kwa sababu mwandishi anapata namna ya kummaliza Kevin ndani ya usiku mmoja. Sisi tuliona hapo amejirahisishia. Mume wa kweli hafi kwenye ukurasa wa mwisho. Anakuja na wajomba wawili na kreti ya Primus, wanakaa kitako na wazee, na kabla jua halijazama mwanamke ameambiwa afunge mzigo. "Niko zubakwa," wanamwambia, ndivyo nyumba zinavyojengwa.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa Minago, hakufurahia tuliposema hivyo. Akasema wazee wa kilima hawakuwa wajinga, walipatanisha nyumba nyingi, na mwanamke anayeondoka bila kusema anaacha watoto bila mama. Tulimsikiliza, na tunayaandika maneno yake kwa heshima kwa sababu kuna nyumba zilizopona hivyo kweli. Mama mmoja akamjibu taratibu, "Baba, nyumba iliyopona ilikuwa na ugomvi. Hii ya Kevin haina ugomvi. Ina mtu mmoja anayepiga na mmoja anayepigwa." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema tuendelee kusoma.

Tukaendelea, tukafika pale ambapo Katie anajulikana. Na hapa tunaomba msomaji atulie, maana ndiyo sababu ya kuandika safu yote hii.

Kevin ni polisi, ana bunduki, ana kompyuta za kazini, lakini vyote hivyo havimsaidii kwa muda mrefu. Kinachomwonyesha njia ni lile jina la marehemu, jina la mtoto wa majirani waliokuwa watu wema kwa mke wake. Wema ule uliompa Erin pa kutokea ndio uliogeuka kuwa uzi, na Kevin akaushika. Kwenye sinema waliongeza kitu: Kevin anatoa tangazo la polisi lenye picha ya mke wake kana kwamba ni mhalifu anayetafutwa, watu wema wakaliona, wakaamini, kwa sababu lina nembo ya serikali. Msomaji, likumbuke hilo tangazo. Tutalirudia.

Kuna hadithi nyingine ya zamani kidogo inayofanana na hii, na ilipitishwa sana kwenye vibanda vya video: Sleeping with the Enemy, ya Julia Roberts, ya mwaka 1991, iliyotokana na riwaya ya Nancy Price ya 1987. Mle ndani mume anaamini mke wake anaogopa maji. Kumbe mke amejifunza kuogelea kwa siri. Usiku wa dhoruba anaanguka kutoka kwenye mashua, mume anadhani amezama, msiba unafanyika. Watu wa ziwani mnaelewa kwa nini sinema hii ilituingia: Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na aliyezama humo mara nyingine haonekani tena. Mwanamke anahamia mji mdogo wa Cedar Falls, anapata nyumba, anaanza kucheka tena. Mume anajuaje? Anapigiwa simu ya pole. Mwanamke mmoja aliyekuwa naye kwenye mafunzo ya kuogelea anampigia mjane wa rafiki yake kumpa rambirambi, kama mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Anataja kuogelea. Basi, imekwisha.

Turudi ziwani kwetu. Tuliwauliza waliokuwa pale: huyu Katie wa Rumonge angejulikanaje? Hakuna aliyesema polisi. Hakuna aliyesema daftari. Wote walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti. Muuza ndagala anapanda na mzigo kwenda Bujumbura, anakutana na mtu wa kilima cha Katie, wanasalimiana, na katika kusalimiana anasema, "Si nimemwona yule binti wa kwa fulani? Yupo Rumonge, mzima kabisa, amenenepa." Ni habari njema! Anaifikisha kwa furaha. Kwa mila yetu, kumficha mtu salamu za nduguye ni roho mbaya. Jioni hiyohiyo, mama yake Katie anajua, anashukuru Mungu, anamwambia dada yake, dada anamwambia mumewe, na yule mume ni rafiki wa Kevin. Siku mbili. Siku hizi na simu, saa mbili. Mtu anapiga picha sokoni, anaituma kwenye kundi la harusi, na nyuma ya bi harusi kuna mwanamke ameshika beseni.

Kambini ni vilevile, au zaidi. Sisi hapa ni watu wa vilima mia vilivyopangwa kwenye mistari. Anayeingia leo, kesho kuna aliyesoma naye darasa la tatu. Watu wa Rumonge waliopita Kagunga Mei 2015 wanakumbuka ule ufukwe, maelfu wamebanana, kipindupindu kimeingia, MV Liemba inawabeba kwa zamu kwenda Kigoma. Mle watu walipoteana kweli. Mume huku, mke kule, mtoto kwa jirani. Na Januari 2018 ilikuwa zamu ya wenzetu wa Fizi kuvuka ziwa kwa mitumbwi, wengi wakishukia Rumonge yenyewe. Kwa watu wa namna hii, kutafutana ni dawa. BBC ilipoanzisha Gahuzamiryango mwaka 1994, jina lenyewe lilikuwa na maana ya kitu kinachounganisha familia, na Radio Kwizera ya Ngara, tangu 1995, imesikilizwa na wakimbizi wengi wakitega sikio wapate habari za nyumbani. Jarida hili nalo lina ukurasa wake wa Tunawatafuta, na mnajua jinsi unavyosomwa kabla ya kurasa zote, hata kabla ya ratiba ya mgao.

Sasa sikilizeni. Kuna kipindi alikuja mezani kwetu bwana mmoja. Shati safi, sauti ya chini. Alikuwa na picha ya harusi. Akasema mke wake alipotea wakati wa kukimbia, watoto wanalia, anaomba tuweke picha na jina, na atakayemwona aandike yuko kambi gani na mtaa gani. Tulimpa kiti na maji. Tukamuuliza mambo ya kawaida: mlipoteana lini, wapi, mkiwa na nani. Majibu yake mengine yalikaa vizuri, mengine hayakukaa. Hatusemi alikuwa mwongo. Inawezekana alikuwa mume mwema mwenye kumbukumbu mbaya. Sisi si mahakama.

Tulimwambia kanuni yetu, na kanuni hiyo hatukuibuni sisi, ndivyo Msalaba Mwekundu unavyofanya katika kutafuta ndugu. Ukileta jina la unayemtafuta, jina linapokelewa na anatafutwa. Akipatikana, yeye ndiye anayeulizwa kwanza: fulani anakutafuta, unataka ajue uko wapi? Akisema ndiyo, mnaunganishwa. Akisema hapana, anwani haitoki. Anaweza hata kutuma neno moja tu kwamba yu hai, bila kusema yuko wapi. Yule bwana alisema, "Lakini mimi ni mume wake." Tukamwambia ndiyo, tumeandika hapa, mume. Aandike barua, nasi tutaifikisha kama kuna pa kuifikisha. Aliandika, ukurasa mmoja na nusu. Kama alipatikana au hakupatikana, na kama alijibu, hilo hatuliandiki hapa na hatutamwambia mtu, hata mkija na sukari.

Mnaona sasa kwa nini lile tangazo la Kevin lilitushtua. Lilikuwa ukurasa wa Tunawatafuta uliovalishwa nguo ya polisi. Picha, jina, na watu wema wanaoonyesha kidole.

Yule mzee wa Minago akauliza swali zuri kuliko yote ya jioni zile. Akasema: "Sawa, nyinyi wa jarida mna kanuni. Mimi sina ofisi. Mtu akinikuta kwenye bomba la maji akaniuliza, umemwona mke wangu? Nimdanganye?" Tulijadili sana. Wengine walisema adanganye, Mungu atasamehe. Mama wa ndagala ndiye alisema kitu ambacho tulikipenda, tunakileta kama alivyokisema: "Sisi zamani tulikuwaga tunasema, nipe maneno nimpelekee nikimwona. Husemi umemwona, husemi hujamwona. Unachukua maneno." Kisha unakwenda kwa mwanamke, peke yenu, unampa maneno. Akitaka kujibu, atajibu. Akitaka kuhama usiku ule, anayo saa ya kuhama. Mzee alitikisa kichwa, akasema hiyo anaiweza.

Kuna jambo lingine ambalo kitabu kinaweza kuwadanganya dada zetu, nalo ni lile la kuchukua jina la marehemu. Kwa Katie lilikuwa la lazima ili hadithi iende. Kambini usijaribu. Jina likitofautiana na alama za vidole, utakayeumia ni wewe: mgao unasimama, watoto wanabaki kwenye kadi ya baba, na siku ya kurudi nyumbani au kupelekwa nchi nyingine makaratasi hayasomani. Mwanamke anayepigwa anaweza kuomba kutenganishwa kwenye kadi, awe na yake na watoto, kwa jina lake la kweli, na maelezo yake yafungwe. Hilo linaombwa kwa wafanyakazi wa ulinzi, sio kwa kiongozi wa mtaa na sio mbele ya foleni. Mkiogopa kuonekana mkiingia pale, zahanati ni mlango mzuri. Kila mtu ana sababu ya kwenda zahanati, hakuna anayeuliza.

Na wanaofikiria kurudi Burundi, msiseme hakuna kitu kule. Burundi ilipitisha sheria yake ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia Septemba 2016, na ndani yake kupiga mke si mambo ya chumbani tena. Bujumbura kuna Seruka, kituo kilichoanzishwa na MSF mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa. Gitega kuna Humura, cha mwaka 2012, ambapo daktari, polisi na mtu wa sheria wanapatikana mahali pamoja, mwanamke asizungushwe ofisi tano akisimulia aibu yake mara tano. Sheria na ukuta wa kituo ni kitu kimoja, kufika huko kutoka kijiji cha wavuvi bila nauli na bila mtu kukuona kwenye basi ni kingine, tunajua. Lakini ni vizuri majina hayo yakae kichwani.

Turudi kwenye kitabu tumalize. Je, ni kizuri? Sisi tunasema ndiyo, pamoja na kasoro zake. Katikati kinajivuta, kuna pikiniki na chakula cha pwani kurasa nyingi hadi vijana walianza kusinzia. Alex ni mwema mno, hana hata siku moja ya kukasirika vibaya, na wamama walisema wangependa kuona hasira yake kabla ya kumwamini. Lakini namna Sparks anavyoandika woga ni ya mtu aliyesikiliza. Katie akisikia gari likipunguza mwendo nje, anaacha kutafuna. Akikaa mahali anatazama mlango uko wapi. Binti mmoja aliyekuwa kimya jioni zote alisema hapo tu, "Hiyo ni kweli," akanyamaza tena, na hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Nakala kwa sasa iko kwa dada anayesimamia sanduku la vitabu. Jalada limechanika kidogo kwa sababu ya mvua, tutalibandika. Orodha ya zamu ina watu kumi na wanne, kwa hiyo msigombane, na atakayekaa nacho zaidi ya siku kumi ataombwa akirudishe kwa upole mara moja tu. Mnaotaka kusikiliza badala ya kusoma, tutakirudia kwa Kiswahili tangu mwanzo, jioni ileile ya kawaida, mahali tutawaambia kwa mdomo.